Mama Kevin wa Nsambya: Mtawa Aliyesimama na Wazazi

Oktoba ni mwezi wa Rozari Takatifu na ni mwezi wa Misioni. Tarehe 17 ya mwezi huo, mwaka 1957, alifariki dunia mtawa ambaye Wakatoliki wa Uganda hawajamsahau hadi leo: Mama Kevin. Waganda, ambao lugha yao hupenda neno liishie kwa irabu, walimwita Mama Kevina. Jina hilo lilizoeleka kiasi kwamba wapo waliolitumia kwa maana ya hospitali, au nyumba yoyote ya matendo ya huruma. Si watu wengi ambao jina lao limegeuka kuwa jina la huduma yenyewe.

Nje ya Uganda habari zake hazijulikani sana, ingawa mabinti zake wa kiroho, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, wanafanya utume Kenya na Tanzania pia. Maisha yake yana pande nyingi: shule, wakoma, yatima, malezi ya watawa. Katika makala hii nataka tuyatazame kwa upande mmoja hasa, yaani huduma kwa wanawake wanaojifungua na watoto wao wachanga. Nimeuchagua upande huu kwa sababu ndipo Mama Kevin alipokutana na kikwazo ambacho hakikutoka kwa wapagani wala kwa serikali, bali ndani ya Kanisa lenyewe.

Yatima wa Wicklow

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika wilaya ya Wicklow nchini Ireland. Hakumwona baba yake, kwani alifariki kabla binti huyo hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, lakini naye alifariki Teresa akiwa na umri wa miaka kumi. Akalelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke wa sala. Alipofikisha miaka kumi na saba, bibi naye akaaga dunia.

Tuzingatie mwanzo huo. Huyu hakujifunza vitabuni maana ya mama kufa na kuacha watoto. Aliijua tangu utotoni.

Akajifunza ualimu kwa Masista wa Huruma huko Rathdrum, kisha akaenda kufundisha Uingereza. Mwaka 1895 aliingia katika abasia ya Mtakatifu Maria huko Mill Hill, London, kwa Masista Wafransisko. Aprili 1898 akapewa jina la kitawa, Sista Mary Kevin. Mtakatifu Kevin ni abati wa kale wa Glendalough, bonde lililopo kulekule Wicklow alikozaliwa, hivyo jina hilo lilimkumbusha nyumbani. Alitamani kwenda Marekani kuwahudumia watu weusi wa huko. Alisubiri miaka kadhaa, na wito ulipofika ulikuwa wa kwenda Afrika.

Chini ya mwembe

Kwa nini Uganda? Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita vya wao kwa wao. Wakatoliki waliitwa Wafaransa, kwa sababu mapadre wao, Wamisionari wa Afrika, walitoka Ufaransa. Waprotestanti wakaitwa Waingereza. Ili kuonyesha kwamba Ukatoliki si mali ya taifa moja, wamisionari wa Mill Hill kutoka Uingereza waliletwa, nao wakafika mwaka 1895 chini ya Askofu Henry Hanlon. Kilima cha Nsambya, Kampala, kikawa makao yao. Askofu Hanlon aliona mapema kwamba mapadre peke yao hawataweza kuwafikia wanawake na wasichana. Akaomba masista.

Sita walijitoa. Watatu walikuwa Waairishi, mmoja Mwingereza, mmoja Mskoti na mmoja Mmarekani. Waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902 na kufika Nsambya tarehe 15 Januari 1903. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu uliotangulia.

Nchi waliyoikuta ilikuwa katika msiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa unawamaliza watu wa kando ya ziwa na visiwani. Katika miaka michache uliua zaidi ya watu 200,000. Ndui na malaria havikukosekana. Masista hawakuwa na hospitali. Walianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe, na huo mwembe ndio chanzo cha Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Nsambya, ambayo mpaka sasa ni moja ya hospitali kubwa za Kanisa nchini Uganda. Mwaka 1906 kazi ilipanuka hadi Naggalama. Mwaka 1910 mkuu wao, Mama Paul, aliporudi Marekani kwa sababu ya afya mbaya, Sista Kevin alichukua nafasi yake, na hapo ndipo akaanza kuitwa Mama.

Vita na wapagazi

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, Waafrika wengi sana walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kutokana na maneno hayo sisi Waswahili tumebaki na jina Kariakoo, mjini Dar es Salaam, na Kariokor kule Nairobi. Watu hupita sokoni Kariakoo kila siku bila kukumbuka kwamba jina hilo ni la wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi.

Baadhi ya wapagazi hao waliletwa Nsambya. Mama Kevin na masista wake waliwauguza, wakiosha vidonda vya watu ambao jeshi liliwahesabu kama wanyama wa mizigo. Desemba 1918 serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE kwa kazi hiyo. Yeye hakuishi kwa ajili ya nishani. Vita vilipokwisha alikuwa na vita vingine vya kupigana, ambavyo havikuandikwa magazetini.

Sheria iliyokuwa mlangoni

Katika Uganda ya wakati ule wanawake wengi walikufa wakijifungua, na watoto wengi hawakufikia mwaka wa kwanza. Sababu zake hazikuwa za siri. Mzazi hutokwa na damu nyingi baada ya mtoto kutoka. Mtoto hukaa vibaya tumboni, uchungu ukaendelea siku mbili au tatu bila njia. Mikono au vifaa visivyo safi huleta homa ya uzazi. Kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu humletea mtoto pepopunda. Mengi ya haya huzuilika au hutibika akiwapo mtu aliyefundishwa, mwenye mikono safi, anayejua ni saa ngapi ya kusubiri na ni saa ngapi ya kumwita daktari. Mtu huyo ni mkunga.

Masista walikuwapo. Hospitali ilikuwapo. Tatizo lilikuwa kwamba sheria na desturi za Kanisa za wakati huo hazikuwaruhusu watawa wenye nadhiri kuwahudumia wanawake katika kujifungua. Ilionekana kwamba kazi hiyo haipatani na nadhiri ya usafi wa moyo na heshima ya hali ya kitawa. Sista aliweza kumfunga mgonjwa kidonda, kumpa dawa ya malaria, hata kumwosha mwenye ukoma. Uchungu ulipomshika mwanamke, ilimpasa sista akae kando.

Kwetu sisi wa leo jambo hili ni gumu kulielewa, maana tumezoea kuwaona masista wakunga katika hospitali zetu nyingi. Tusiwahukumu haraka waliotunga sheria hiyo. Walikuwa wanalinda jambo jema. Lakini ni kweli pia kwamba ulinzi huo ulikuwa na gharama, na waliolipa gharama hiyo hawakuwa watunga sheria. Waliilipa wanawake wa vijijini ambao hawakujua hata kama sheria hiyo ipo.

Wapo wengine walioliona tatizo hilo mahali pengine. Agnes McLaren, daktari Mskoti aliyeingia Kanisa Katoliki akiwa mtu mzima, alikwenda Roma zaidi ya mara moja kuomba watawa waruhusiwe kusomea udaktari. Alifariki mwaka 1913 bila kujibiwa. Anna Dengel, binti wa Austria aliyeufuata wito wake, alisomea udaktari na mwaka 1920 akaenda Rawalpindi, katika Pakistan ya leo, ambako wanawake Waislamu hawakuweza kuguswa na daktari mwanamume hata katika hatari ya kufa. Mwaka 1925 alianzisha Washington jumuiya ya wanawake madaktari na wauguzi ambao walikubali kuishi bila nadhiri za hadhara, ili sheria isiwazuie kuwahudumia wazazi.

Chuo cha wakunga

Mama Kevin alikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza, kuivunja sheria kimyakimya, akitegemea kwamba Roma ni mbali. Ya pili, kuitii kwa namna rahisi: kuwahurumia wazazi, kuwaombea, na kuwaacha. Alichagua ya tatu. Aliisoma sheria vizuri na kuona inamhusu nani. Ilimhusu mtawa mwenye nadhiri. Haikumhusu daktari mlei, wala haikumhusu msichana wa Kiganda aliyemaliza shule ya misioni.

Alimpata Dakta Evelyn Connolly, mmisionari mlei, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wanawake hao wawili walianzisha Nsambya shule ya wauguzi na wakunga. Hawakuwa wa kwanza katika nchi hiyo. Upande wa Waanglikana, Dakta Albert Cook alikuwa amefungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, na mkewe Katharine, muuguzi na mkunga, alishughulikia sana mafunzo ya wakunga katika miaka hiyohiyo. Vilima vya Nsambya na Mengo vinatazamana, na watu wa pande hizo mbili walikuwa wamepigana miaka thelathini hivi iliyopita. Sasa wakawa wanashindana nani atafundisha wakunga wengi zaidi. Ni heri ya mashindano ya namna hiyo.

Tuone ukubwa wa hatua hii. Shule ya wakunga ilimaanisha kwamba msichana Mwafrika angepata elimu, angevaa sare, angeaminiwa uhai wa watu wawili kwa wakati mmoja, na angerudi kwa watu wake akiwa na ujuzi ambao hata padre wa parokia hakuwa nao. Wakati huo wazazi wengi waliona elimu ya msichana ni hasara, kwa kuwa ataolewa. Mama Kevin alisema kwa matendo kwamba kumfundisha msichana ni kuokoa mama yake, dada yake na watoto ambao hawajazaliwa. Kwa hiyo shule na wodi ya wazazi, kwake, havikuwa vitu viwili. Baadaye shule ya sekondari ya wasichana ya Namagunga, iliyoanzishwa miaka ya 1940, ilikua kutoka katika wazo hilohilo.

Masista wa nchi yenyewe

Mwaka 1923 alipiga hatua nyingine. Wasichana wanane wa Uganda walianza malezi ya kitawa chini yake, na huo ukawa mwanzo wa Shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, lenye makao yake Nkokonjeru. Hakutaka Kanisa la Uganda liwategemee daima masista waliokuja kwa meli. Mgeni huja na kuondoka, huugua na kurudishwa kwao. Binti wa nchi anaijua lugha ambayo mwanamke hutumia kusema maumivu asiyoweza kumwambia mtu mwingine. Anajua miiko ya uzazi ya watu wake, ipi isiyo na madhara na ipi inayoua. Huduma kwa familia haiwezi kudumu kama haimo mikononi mwa watu wa familia hizo.

Mwaka 1928 alifungua nyumba ya unovisi huko Holme Hall, Yorkshire, Uingereza, kwa ajili ya kuwaandaa masista wa kwenda Afrika. Katika miaka ya 1930 kazi ilifika hata kwa wagonjwa wa ukoma, huko Nyenga na Buluba.

Mlango wafunguliwa

Tarehe 11 Februari 1936, katika kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi, idara ya Roma inayosimamia Misioni ilitoa maagizo mapya, wakati wa Papa Pius XI. Kanisa sasa liliwatia moyo masista katika nchi za misioni wasomee udaktari, uuguzi na ukunga, na wawahudumie akina mama na watoto wao. Kile ambacho kizazi kilichotangulia kilikiona hakipatani na utawa, sasa kilitambuliwa kuwa utume wa watawa.

Matunda yake yameenea hadi kwetu. Mwaka uliofuata, 1937, Mary Martin wa Ireland alianzisha nchini Nigeria Shirika la Wamisionari Waganga wa Maria, na watu wa Singida wanawafahamu masista hao kwa hospitali ya Makiungu. Jumuiya ya Anna Dengel nayo iliweza baadaye kuwa shirika kamili la kitawa.

Huko Nsambya, maagizo hayo hayakukuta uwanja mtupu. Shule ilikuwapo tayari kwa zaidi ya miaka kumi, wakunga walikuwa wamekwisha kufundishwa, na shirika la masista wazalendo lilikuwa linakua. Mama Kevin hakuisubiri ruhusa akiwa amekaa. Aliisubiri akifanya kazi.

Mwisho wa safari

Mwaka 1952 masista wa Afrika walijitenga na abasia ya Mill Hill na kuwa shirika linalojitegemea, Masista Wamisionari Wafransisko kwa Afrika, wakiwa na nyumba mama Mount Oliver, Dundalk, nchini Ireland. Mama Kevin akawa mkuu wa kwanza wa shirika hilo. Alistaafu mwaka 1955 akiwa na miaka themanini. Mtu wa umri huo hustahili kupumzika, lakini yeye alitumwa Boston, Marekani, kutafuta fedha za misioni. Hivyo nchi aliyoitamani ujanani aliipata uzeeni, na akaitumia kuiombea msaada nchi aliyopewa. Huko, katika eneo la Brighton, alikufa tarehe 17 Oktoba 1957 akiwa na miaka themanini na miwili.

Alizikwa Ireland, lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Walidai mama yao arudishwe. Mwili wake ukasafirishwa kwa ndege, na tarehe 3 Desemba 1957, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa Misioni, akazikwa Nkokonjeru. Ilikuwa imetimia miaka hamsini na mitano kamili tangu siku alipoondoka London. Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua rasmi mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Anatufundisha nini?

Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba sheria ipo kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba sheria ya kibinadamu yaweza kubadilishwa pale hali za watu zinapobadilika au akili inapoona vizuri zaidi. Darasani jambo hili ni jepesi. Mtihani wake ni pale ambapo sheria ipo, haijabadilishwa, na mtu mbele yako anakufa.

Wengine husema utii ni kukaa kimya. Wengine husema upendo wa kweli hauna haja ya utii. Maisha ya Mama Kevin yanazikataa kauli zote mbili. Alitii, na utii wake ulimfanya atafute kwa bidii zaidi kila njia ambayo ilikuwa bado wazi. Kama angevunja sheria, huenda angesaidia wazazi wachache na kupoteza misioni nzima. Kama angetii kwa uvivu, wakunga wale wa kwanza wasingekuwapo. Utii usiotafuta njia ni kisingizio tu, na mtu aliyeketi hapaswi kujificha nyuma ya sheria.

Ndugu waseminari, Mungu akitujalia tutakuwa mapadre wa parokia. Tutafungisha ndoa, tutabatiza watoto, na siku nyingine tutaitwa kumzika mwanamke kijana aliyefariki akijifungua, mume wake akiwa amesimama na kichanga mikononi. Siku hiyo mahubiri peke yake hayatatosha. Padre anaweza kuuliza mapema: zahanati yetu ina mkunga usiku? Kuna usafiri wa kumfikisha mzazi hospitali uchungu ukiwa pingamizi? Wajawazito wa jumuiya ndogondogo wanakwenda kliniki, na waume zao wanawasindikiza? Binti mwenye akili anayetaka kusomea ukunga anakosa ada kiasi gani? Haya ni maswali ya kichungaji kabisa.

Nanyi wazazi na waamini, mkiwaona masista katika wodi ya wazazi, kumbukeni kwamba mahali hapo hawakupewa bure. Kuna waliowatangulia wakasimama mlangoni kwa miaka mingi, bila kuuvunja mlango na bila kuondoka.